Jina Ndani ya Kizibao

Mjomba wangu ni mwendesha bodaboda wa Lumino, wilaya ya Busia, upande wa Uganda. Mwaka jana alinunua kizibao katika soko la mitumba la Busia, upande wa Kenya, kwa shilingi 500 za huko. Kilikuwa kizibao cha mwanamume, rangi ya samawati iliyokolea, kisicho na mikono, chepesi sana, chenye mistari ya mshono iliyokigawa katika vifuko vilivyojazwa nyuzi laini. Siku ya pili nyanya alikichukua akifue. Ndani ya ukosi, chini ya lebo ya kiwanda, akakuta kitambaa cheupe, chembamba, kilichoshonwa kwa mkono. Juu ya kitambaa hicho paliandikwa jina la mwanamume, jina lake na la ukoo wake, yote ya Kizungu.

"Huyu ni nani?" nyanya akauliza.

Mjomba akasema ni mtu wa Ulaya, basi, akatafuta wembe ili afumue kile kitambaa. Nyanya akamzuia.

"Mwanangu, jina la mtu haliondolewi kwa wembe."

"Mama, mimi nimenunua jaketi. Sikununua mtu."

Nilikuwapo, na nilicheka kama walivyocheka wengine. Baadaye niliona kwamba wale wawili walikuwa wamegusa swali ambalo ni gumu kuliko lilivyoonekana pale uani. Je, mtu anayevaa nguo iliyokuwa ya mwingine, mtu asiyemjua wala hatamjua kamwe, anadaiwa chochote na mwenye nguo huyo? Na kama anadaiwa, ni nini: shukrani, heshima, au ni aibu tu anayopaswa kuibeba? Nitayapima majibu matatu ambayo watu wa kwetu huyatoa, kisha nitaeleza ni lipi ninalolishika na kwa nini.

Kwanza inafaa kueleza kwa nini mtu anayeishi karibu na mstari wa ikweta anahitaji nguo ya namna hiyo. Lumino iko kwenye njia panda. Barabara moja inakwenda Busia mpakani, nyingine inateremka hadi Majanji kwenye ufuko wa Ziwa Victoria, na ya tatu inaelekea Mayuge hadi Musita. Mjomba huondoka nyumbani saa kumi na nusu usiku kwenda Majanji kuwachukua akina mama wanaonunua mukene, samaki wale wadogo ambao jirani zetu Wakenya huwaita omena na Watanzania huwaita dagaa. Mukene huvuliwa usiku kwa taa, na huuzwa mapema. Saa hiyo upepo wa ziwani ni baridi, na juu ya pikipiki inayokwenda kasi baridi hiyo huzidi. Mchana jua huwaka mpaka mtu akatafuta mti wa kujisitiri. Kwa hiyo anahitaji nguo itakayokinga kifua alfajiri, isiyomfunga mikono akishika usukani, na itakayokunjwa chini ya kiti jua likipanda. Waliokibuni kizibao kile walimfikiria mtu anayepanda milima au anayekimbia msituni kwa kujifurahisha. Mahitaji ya mtu huyo na ya mjomba yanafanana, ila mmoja ameichagua baridi na mwingine ameifuata kwa sababu ya karo ya watoto.

Kuna jambo jingine kuhusu nguo hii ambalo litanifaa mbele. Kizibao hakitoi joto. Nyuzi zilizomo ndani yake hushika hewa na kuizuia isitembee, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Joto lenyewe ni la mvaaji. Tena, mwili ukihisi kifua kinapoa hupunguza damu inayokwenda vidoleni ili kuulinda moyo, mapafu na ini. Ukikilinda kifua, damu huendelea kufika mikononi hata kama mikono iko wazi. Ndiyo maana kizibao kinaweza kukosa mikono na bado kikamsaidia mtu anayeshika breki alfajiri.

Jibu la kwanza kwa swali letu ni aibu. Agosti 2023, akiwa katika eneo la viwanda la Mbale, Rais Yoweri Museveni alitangaza kwamba anataka biashara ya mitumba ikome Uganda. Alisema kuwa nguo hizo ni za watu waliokufa: Mzungu akifa, nguo zake hukusanywa na kuletwa Afrika. Fikra hiyo si ngeni. Watanzania kwa muda mrefu wamekuwa na jina la mitumba lenye mzaha mchungu: kafa Ulaya. Na methali yetu ya zamani inasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa mujibu wa jibu hili, anayevaa nguo ya mwingine anabaki uchi mbele ya heshima, hata kama mwili umefunikwa.

Naona hapa hoja mbili zimefungwa katika furushi moja, nasi tunapaswa kulifungua. Hoja moja ni ya uchumi, nayo ni nzito. Mwaka 1954 bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, na kiwanda cha nguo cha Nyanza, kinachojulikana kama NYTIL, kilijengwa mjini humo katika miaka hiyohiyo. Pamba ilikuwa zao la mashamba yetu ya mashariki. Hakuna mtu mwenye akili anayefurahi kuona nchi inayolima pamba ikivalishwa na wengine. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilishikilia msimamo, ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafasi ya nguo za Rwanda kuingia katika soko lake bila ushuru. Wenzake walikuwa wameshalegea. Anayetaka viwanda vyetu vifufuke ana haki ya kusikilizwa, na anaweza kutoa hoja yake yote bila kumtaja maiti hata mmoja.

Hoja ya pili ni ya kinyaa: kwamba nguo imechafuka kwa kuwa mwenyewe amekufa. Hoja hii inashindwa na mila zetu wenyewe. Babu yangu alipofariki, baada ya siku za matanga wazee waliketi wakagawa vitu vyake. Mjomba mkubwa alipewa koti. Alilivaa kanisani miaka mingi, na watu walipomwona walisema, "Mzee bado yupo." Hakuna aliyemwonea kinyaa. Kama kuvaa nguo ya marehemu ni fedheha, basi nusu ya ukoo wangu ilijifedhehesha mbele ya wazee, kwa baraka za wazee. Na zaidi, si kila mtumba umetoka kwa marehemu. Wengi wa wenye nguo hizo wako hai, wamenenepa au wamechoshwa na rangi. Kwa hiyo aibu haikai ndani ya nguo. Ikiwapo, ipo mahali pengine: katika kukosa uwezo wa kuchagua. Hilo ni jambo la serikali na uchumi, na mjomba hapaswi kulibeba mgongoni alfajiri.

Jibu la pili ni la mjomba: nimenunua, sidaiwi. Wasomi huweza kulidharau jibu hili kama la mtu wa sokoni, lakini ndani yake mna utu wa aina yake. Tuifuate safari ya nguo. Mtu wa kwanza huitoa bure, pengine kwa nia ya kusaidia, pengine ili kabati lipate nafasi. Tangu hapo haitolewi bure tena. Anayekusanya huuza kwa anayechambua, anayechambua huuza kwa msafirishaji, robota hufika bandarini Mombasa, mwagizaji huuza kwa jumla, na mama wa sokoni Busia hulifungua robota akiomba Mungu asikute matambara matupu. Mjomba yuko mwisho wa mnyororo huo, naye ametoa shilingi 500 alizozipata kwa kubeba watu na samaki. Mtu wa aina hiyo hakuomba. Hakuna mtu wa Ulaya anayeweza kusimama mbele yake na kudai ashukuriwe, kwa sababu sadaka iliisha pale ilipouzwa kwa mara ya kwanza. Anayempa mwenzake ng'ombe anastahili shukrani. Anayemuuzia ng'ombe ambaye yeye mwenyewe alipewa bure anastahili bei tu.

Hata hivyo, jibu la mjomba lina mpaka. Fedha humaliza deni kati ya muuzaji na mnunuzi. Haimalizi kila jambo linalokuja na kitu kilichonunuliwa. Kwetu wafu huzikwa nyumbani. Mtu akinunua shamba lenye makaburi ya watu wengine, karatasi humpa ardhi yote, lakini jembe lake likifika kwenye kaburi hulizunguka. Akililima, majirani watamlaumu, na hatajitetea kwa kuwaonyesha karatasi. Hakuna atakayesema hakulipa. Watasema hakujua kuishi na watu. Basi kuna vitu ambavyo ununuzi hauvigusi, na swali ni kama jina lililoshonwa ndani ya nguo ni mojawapo.

Hapa tunafika kwenye jibu la nyanya. Ili nimwelewe, ilinibidi kwanza nielewe kile kitambaa. Dada mmoja wa ukoo wetu anafanya kazi ya kutunza wazee Uingereza. Tulipomweleza kwa simu alijibu mara moja: katika makao ya wazee nguo za watu wengi hufuliwa pamoja, kwa hiyo jina hushonwa katika kila vazi ili lirudi kwa mwenyewe. Hilo si ushahidi kamili, kwa kuwa majina hushonwa pia katika nguo za wanafunzi wa bweni. Lakini kizibao kilikuwa cha mtu mzima, na kiunoni kilikuwa kimepanuliwa kwa uangalifu, kama cha mtu aliyezoea kukaa. Nyanya aliposikia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo kuna mtu aliyekaa akamshonea, asipotee."

Nakiri kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa la kujivuna: hao ndio watu wanaowatupa wazazi wao kwa wageni. Ni wazo rahisi, na nililiacha. Sijui maisha ya mzee huyo. Huenda watoto wake walimtembelea kila wiki. Na kule Lumino wapo wazee wanaobaki peke yao na wajukuu, watoto wao wakiwa Kampala, Nairobi au Ughaibuni, wengine wakilipwa ili kuwatunza wazee wa watu wengine. Mimi mwenyewe nilikuwa sijafika kwa nyanya kwa miezi saba.

Hoja ya nyanya inatoka katika desturi yetu ya majina. Kwetu mtoto hupewa jina la jamaa aliyetangulia. Jina la marehemu hurudi uani, likaitwa asubuhi, likatumwa dukani kununua chumvi, likagombezwa. Anayelibeba hakumchagua marehemu, wala marehemu hakumchagua yeye. Hata hivyo anafundishwa kulibeba vizuri. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, kulikata jina kwa wembe kwa sababu tu halina kazi kwako ni kumaliza kitu ambacho hukukianzisha.

Kuna pingamizi mbili za nguvu dhidi yake. Ya kwanza: yule si jamaa yetu. Desturi ya majina huwaunganisha watu wa damu. Mzee wa Ulaya ni mgeni. Ni kweli. Lakini sisi wa mpakani tunajua jinsi ugeni unavyotengenezwa. Wasamia wapo Uganda na wapo Kenya. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni iliuhamisha mkoa mzima wa mashariki ya Uganda kuwa sehemu ya nchi iliyokuja kuitwa Kenya, na ndugu wa ng'ambo ya mto Sio wakawa watu wa utawala mwingine bila kuhamisha hata kijiko. Leo mama wa Lumino akienda msibani Funyula anavuka mpaka wa kimataifa. Sisemi kwamba kwa hiyo kila mtu ni ndugu wa damu. Nasema tu kwamba mstari kati ya wetu na wageni, ambao pingamizi hili linautegemea, sisi tumeuona ukihamishwa kwa karatasi. Kipimo cha namna ya kumtendea mtu hakiwezi kuwekwa juu ya mstari kama huo.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, nami nilisumbuka nayo. Kulihifadhi jina la Mzungu ndani ya nguo yako si kujiweka katika hali ya mpokeaji milele? Tumeshaambiwa vya kutosha kwamba tushukuru. Tushukuru kwa reli, kwa shule, kwa nguo kuukuu. Pamoja na nguo nzuri, marobota huleta pia matambara yasiyouzika ambayo huishia kwenye majalala yetu, na mengi ni ya nyuzi za plastiki zisizooza. Je, hayo nayo tuyaheshimu?

Nadhani jibu liko katika kutenganisha maneno mawili ambayo tunayachanganya: shukrani na heshima. Shukrani hudaiwa na mtu aliyekukusudia wema. Yule mzee hakumkusudia mjomba chochote; hakujua kwamba Lumino ipo. Waliomfikishia nguo walikusudia faida, nao wameipata. Kwa hiyo shukrani haidaiwi na yeyote, na mjomba ana haki kamili ya kutembea kifua mbele. Heshima ni tofauti. Haingoji nia wala tendo. Twamheshimu maiti tuliyemkuta njiani hata kama hatukumjua, tunamfunika kwa shuka kabla ya kuuliza ni nani. Tunasema mtu ni utu, wala hatusemi mtu ni fadhila zake kwetu. Kwa hiyo inawezekana kukataa kabisa kumshukuru mtu na bado kukataa kumfuta. Mjomba na nyanya hawakuwa wanapingana. Kila mmoja alikuwa akilinda neno moja kati ya mawili hayo. Ama matambara, hayo hayana jina la mtu aliyevaa bali la mtu aliyeuza, na heshima kwa mzee wa watu haimzuii yeyote kumdai mwuzaji asafishe uchafu wake.

Hapa ndipo linapofaa lile jambo nililolitaja mwanzoni, kwamba kizibao hakitoi joto. Anayesema mvaaji wa mtumba anaishi kwa joto la Ulaya amekosea hata kwa kipimo cha sayansi. Joto linalomfikisha mjomba Majanji ni la mwili wake, limetokana na uji aliokunywa na damu aliyozaliwa nayo. Mzee wa Ulaya naye alikuwa na joto lake. Nguo ile imelitunza joto la mtu mmoja, na sasa inalitunza la mwingine. Wote wawili walikuwa na kifua kilichohitaji kukingwa. Naona huo ni ujamaa wa kutosha kumfanya mtu aache jina likae.

Matokeo ya hoja hii kwa mjadala wa marufuku ni haya. Serikali inaweza, kwa hoja za pamba, viwanda, ajira na taka, kuamua kupunguza au kusimamisha mitumba, mradi iwafikirie pia mama wa soko na mteja wake ambaye hana shilingi za kununua kipya. Huo ni mjadala halali, na wanafunzi wenzangu wanaweza kuutofautiana. Lisilokuwa halali ni kuwafikia watu kwa njia ya kinyaa. Kauli ya nguo za wafu inamdhalilisha marehemu aliyefanywa uchafu na vilevile mvaaji aliyefanywa mla makombo, na haimwongezei mkulima wa pamba hata senti moja. Methali inasema maiti haulizwi sanda. Hawezi kujibu anaposemwa. Ndiyo sababu sisi tulio hai tunatakiwa tuwe waangalifu zaidi tunapomsema.

Mwezi wa nne zipu ya kizibao iliharibika. Mjomba alikipeleka kwa fundi cherehani pale sokoni Lumino, nami nilikuwa nimepanda nyuma ya pikipiki. Fundi alikigeuza nje ndani, akaona kile kitambaa, akauliza kama akifumue kwa kuwa uzi wake umeanza kulegea upande mmoja. Mjomba alifikiri kidogo.

"Kikaze," akasema. "Nyanya yake huyu atauliza."

Fundi akakikaza kwa uzi mweusi, kwa kuwa mweupe ulikuwa umekwisha, akadai shilingi mia tano za Uganda juu ya zile za zipu. Mjomba akalipa.